Kuchomoa Usukani wa Lori Uliong'ang'ania

Usukani wa lori au pikapu hushikwa na vitu viwili tu: nati moja ya katikati, na meno. Ncha ya juu ya shafti imechongwa meno madogo kuizunguka, na ndani ya kitovu cha usukani kuna meno mengine yanayoingiana nayo. Katika magari mengi ncha hiyo hupungua unene kidogo kuelekea juu, mfano wa kabari, kwa hiyo kila nati inapokazwa kitovu hushuka na kujibana zaidi. Ndiyo sababu mtu huweza kuifungua nati yote, akaitia mfukoni, na usukani usisogee hata unywele. Nati haiushiki tena. Unaoushika ni ule mbano wa meno, pamoja na kutu ya miaka kumi au ishirini.

Kutu yenyewe hutofautiana. Kitovu cha chuma juu ya shafti ya chuma huota kutu nyekundu ya kawaida, ambayo mafuta huipenya. Kitovu cha alumini ni habari nyingine. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayolika, nayo hutoa unga mweupe mgumu unaojaza kila nafasi kati ya meno. Lori lililofanya kazi miaka mingi Mombasa, Tanga au Unguja lina hali hiyo mara nyingi kuliko lile lililokaa Dodoma. Jasho la viganja, soda iliyomwagika na maji ya kuoshea dashibodi huteremka kwenye tundu la honi na kuishia papo hapo.

Ni mara chache usukani wenyewe huwa ndio tatizo. Huchomolewa ili kufikia kilicho nyuma yake: swichi ya indiketa iliyovunjika mkono, beringi ya juu ya shafti inayolia, au kufuli ya ufunguo iliyochoka. Wakati mwingine umekaa upande huku magurudumu yamenyooka, kwa kuwa aliyeurudisha mara ya mwisho alikosea jino. Kazi hizi zote zinahitaji usukani utoke mzima, na shafti ibaki nzima vilevile. Hilo la pili ndilo linalosahaulika.

Jambo la kwanza la kujua ni kama gari lina eabegi, yaani mfuko wa hewa unaofura dereva anapogonga. Malori ya zamani, kama Bedford na Isuzu za miaka ya 1970 na 1980, hayana, na kazi yake ni ya chuma tupu. Pikapu nyingi zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 zinayo. Dalili zake ni maandishi ya SRS au AIRBAG kwenye kifuniko cha katikati, taa yenye umbo la mtu na duara kwenye dashibodi, na plagi za rangi ya manjano chini ya usukani.

Eabegi haijazwi kwa pampu. Ndani yake mna kemikali inayolipuliwa kwa umeme, na gesi yake huujaza mfuko kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kwa aliyeinama juu ya usukani na spana mkononi, mfuko huo ni pigo la uso. Kwa hiyo ufunguo huzimwa, kichwa hasi cha betri hufunguliwa na kusogezwa mbali, kisha husubiriwa. Toyota hutaka angalau sekunde 90. Nissan hutaka dakika 3. Subira hiyo ina sababu: kompyuta ya eabegi huhifadhi umeme wa akiba ili ifanye kazi hata betri ikipasuka kwenye ajali, na akiba hiyo lazima iishe. Asiye na kitabu cha gari lake na asubiri dakika 10, hakuna anachopoteza.

Baada ya hapo eabegi hutolewa kwa kufungua bolti mbili au tatu zinazofikiwa kutoka ubavuni au nyuma ya usukani. Kwenye Toyota nyingi ni za kichwa cha nyota, na huhitaji biti ya T30. Plagi ya manjano huchomolewa kwa vidole au bisibisi nyembamba, bila kuvuta nyaya. Eabegi hubebwa uso wake ukiangalia mbali na mwili wa mbebaji, na hulazwa uso juu mahali pa baridi ambapo watoto hawafiki. Ikilazwa uso chini kisha ikalipuka, huruka kama jiwe la kombeo. Nyaya zake hazipimwi kwa mita wala taa ya majaribio, maana umeme mdogo wa mita unaweza kuilipua.

Kwa magari ya Kijapani ya miaka ya 2000 mpaka katikati ya miaka ya 2010 lipo jambo la kuongeza. Eabegi za kampuni ya Takata, iliyofilisika mwaka 2017, zilitumia kemikali inayoharibika ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu, na zilipolipuka baadhi zilirusha vipande vya chuma. Magari mamilioni yaliitwa kurekebishwa duniani. Joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa ya pwani. Mwenye gari la umri huo aulize kwa wakala kwa kutumia namba ya chasisi kabla hajagusa usukani.

Gari lisilo na eabegi lina kitufe cha honi tu. Vingine hung'oka kwa kubanuliwa taratibu kwa bisibisi iliyofungwa kitambaa, vingine hukandamizwa na kuzungushwa kidogo, vingine vimeshikwa na skrubu zinazoingilia nyuma ya miguu ya usukani. Kitufe kikikataa, zitafutwe skrubu kwanza. Plastiki ya miaka thelathini haina msamaha. Betri hufunguliwa hapa pia, la sivyo honi italia kila spana inapogusa shafti, na mtaa mzima utajua kuna kazi inaendelea.

Lori huegeshwa mahali tambarare, gia imeingizwa, breki ya mkono imevutwa, na gogo au jiwe limewekwa kwenye gurudumu, kama utingo afanyavyo mlimani. Magurudumu ya mbele hunyooshwa kabisa kabla ya lolote. Kufuli ya usukani isiachwe ibebe nguvu ya kufungua nati. Kipande kinachofunga shafti ni kidogo kama kidole cha mtoto, nacho hukatika. Badala yake mtu wa pili hukaa kwenye kiti na kuushika usukani kwa mikono miwili, akishindana na nguvu ya spana.

Nati ya Hilux ni namba 19. Malori makubwa huvaa nati kubwa zaidi, na soketi hujaribiwa kwa mkono mpaka ipatikane inayokaa bila kucheza. Soketi iwe ya pembe sita, si kumi na mbili, kwa sababu ile ya kumi na mbili hushika kwenye ncha za pembe na kuzila. Nati hufunguka kwa kuzungushwa kushoto kama nati nyingine yoyote. Ikigoma, mpini mrefu wenye bomba la nusu mita hutosha. Kinachotakiwa ni kusukuma kwa uzito wa mwili, polepole, bila kurukia.

Mara nati inapolegea, kabla usukani haujaguswa, huwekwa alama. Alama mbili zinazoelekeana, moja kwenye uso wa shafti na nyingine kwenye kitovu, hupigwa kwa sentapanchi na nyundo ndogo, kwa kuguswa tu. Rangi ya kucha hutosha kwa asiye na panchi. Kalamu ya wino haifai, mafuta huifuta. Shafti nyingine zina jino moja pana linaloulazimisha usukani kukaa mahali pamoja tu, nyingine hazina. Kwa shafti yenye meno 36, kukosea jino moja ni kuupindisha usukani nyuzi 10, na dereva ataona kosa hilo kila siku barabara inaponyooka.

Nati haitolewi yote. Hurudishwa ikashika thredi tatu au nne, pawe na nafasi ya milimita 3 hivi kati yake na kitovu. Kuna wanaoona hatua hii kuwa ya waoga. Usukani uliobanwa miaka ishirini hauji kidogo kidogo. Huachia ghafla, na anayeuvuta kuelekea kifuani hupokea kilo mbili au tatu za chuma kwenye meno yake. Nati iliyobaki huukamata hapo hapo.

Jaribio la kwanza ni la mikono. Fundi hukaa kitini, magoti chini ya usukani, mikono saa tatu na saa tisa. Upande wa kulia huvutwa, kisha wa kushoto, kwa zamu, huku magoti yakisukuma juu. Si kuvuta moja kwa moja. Ni kuutingisha, jinsi mtu ang'oavyo kigingi ardhini. Usukani usio na kutu nyingi hutoka hivi ndani ya dakika mbili. Ukiwa bado kimya baada ya dakika tano, nguvu zaidi ya mikono itapinda duara la usukani tu.

Hapo hufuata mafuta. Ya kupenya kutu, kama WD-40 na ndugu zake, hunyunyiziwa pale kitovu kinapokutana na shafti, kidogo kidogo, kwa bomba lake jembamba. Dizeli au mafuta taa hufanya kazi hiyohiyo kwa bei ndogo, ila kwa muda mrefu zaidi. Mafuta ya breki yasitumike hapa ingawa wapo wanaoyasifu. Huyeyusha rangi na kuharibu plastiki. Matone matano, kusubiri nusu saa, matone mengine, kisha kuacha mpaka kesho yake, ni bora kuliko nusu kopo kwa mara moja, maana ziada yote huteremka kwenye swichi ya indiketa. Kitambaa kilichozungushiwa shafti chini ya kitovu huikamata. Asubuhi, kitambaa chenye madoa ya rangi ya chai ya rangi ni habari njema: mafuta yamepita kutoka juu mpaka chini, na kutu imeanza kutembea nayo.

Kifaa chenyewe cha kazi hii ni pula. Vitovu vingi vina matundu mawili yenye thredi, moja kila upande wa shafti, yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Kwenye Toyota huchukua bolti za milimita 8. Pula ya usukani ni bamba lenye bolti nene katikati na mbili nyembamba pembeni: zile za pembeni huingia kwenye kitovu, ile ya katikati husukuma ncha ya shafti, na kitovu hakina njia ila kupanda.

Asiyeweza kununua anaweza kuchongesha kwa mchomeleaji yeyote. Kipande cha bamba chenye unene wa milimita 10 hutobolewa matundu mawili yenye umbali uleule wa matundu ya kitovu, uliopimwa kwa rula na si kwa macho. Katikati yake hutobolewa tundu la tatu, na nati ya milimita 14 huchomelewa juu yake. Bolti za pembeni ziwe na namba 8.8 kichwani. Bolti laini isiyo na namba hukatikia ndani ya kitovu, na kipande kilichobaki humo ni kazi ya siku nyingine.

Urefu wa bolti hizo unataka uangalifu kuliko kitu kingine chochote kwenye pula. Zikiingia kidogo mno, huchana thredi za kitovu, hasa cha alumini. Bolti ya milimita 8 iingie mizunguko sita au saba kamili. Zikiingia kupita kiasi, hutokeza upande wa pili na kutoboa kilicho nyuma. Kwenye gari la eabegi kilicho nyuma ni klokspringi, kisanduku cha plastiki chenye utepe wa nyaya uliojikunja, na bolti iliyopitiliza huupasua. Kina cha tundu hupimwa kwanza kwa njiti ya kiberiti, kisha alama ya utepe huwekwa kwenye bolti.

Bamba hukaa sambamba na uso wa kitovu. Likiinama upande mmoja, usukani huvutwa mshazari na kubanwa zaidi kuliko ulivyokuwa. Bolti ya katikati hupakwa grisi, hukaa kwenye kishimo cha ncha ya shafti, kisha hukazwa robo mzunguko, husubiriwa, robo nyingine. Mtu mwenye haraka hukaza mfululizo mpaka kitu kivunjike. Kusubiri kuna maana, kwa sababu chuma kilichovutwa huendelea kuachia polepole hata spana ikiwa imetulia. Wakati pula imekaza, ubavu wa kitovu hugongwa kidogo kwa nyundo ya mpira au ubao, pande zote. Kisha husikika mlio mkavu, kama kijiti kilichokanyagwa, unga mwekundu humwagika kwenye magoti, na bolti ya katikati iliyokuwa nzito huwa nyepesi ghafla. Usukani umetoka.

Vitovu visivyo na matundu huvutwa kwa pula ya kucha mbili zinazoshika chini ya kitovu. Kucha hizo zishike kitovu, kamwe si miguu ya usukani, ambayo hupinda mapema.

Joto husaidia palipo na kitovu cha alumini, kwani alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Mashine ya hewa moto, au hata ya kukaushia nywele, ikielekezwa kwenye kitovu dakika tano huku pula imekaza, mara nyingi humaliza ubishi. Moto wa gesi ya kuchomelea hapana. Chini ya kitovu kuna plastiki, nyaya na grisi, na sehemu iliyonyunyiziwa mafuta usiku uliopita. Kwenye gari la eabegi hata hewa moto hutumiwa baada tu ya eabegi kuondolewa na kuwekwa mbali.

Sasa nyundo. Njia inayopendwa gereji nyingi za mtaani ni mmoja kuuvuta usukani huku mwingine akiigonga ncha ya shafti kwa nyundo nzito. Wakati mwingine hufanikiwa, na hiyo ndiyo bahati mbaya yake, maana hurudiwa. Kila pigo huenda moja kwa moja kwenye beringi ya juu, na kwenye malori ya zamani mpaka ndani ya boksi la usukani. Thredi za ncha huvimba kama kichwa cha tindo, na nati hairudi. Katika magari ya kisasa kuna lililo baya zaidi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kuanzia Marekani, shafti zilianza kutengenezwa ziweze kujikunja gari likigonga, ili zisimchome dereva kifua. Katika nyingi, kinachozizuia zisijikunje siku za kawaida ni pini ndogo za plastiki. Nyundo huzikata pini hizo bila mtu kujua, na shafti hubaki ikicheza juu na chini. Bolti ya pula inaweza kugongwa kichwani mara moja mbili kwenye lori la zamani lenye shafti ngumu; kwenye pikapu ya kisasa, isiguswe kwa nyundo kabisa.

Yote yakishindikana, usukani hutolewa kafara, si shafti. Kitovu hukatwa kwa grenda yenye diski nyembamba, kutoka ukingoni kuelekea katikati, na kuachwa milimita mbili kabla ya meno. Tindo huingizwa kwenye mkato na kupigwa mara moja. Kitovu hupasuka na mbano huisha. Kabla ya hapo vioo na viti hufunikwa kwa blanketi bichi, kwa kuwa cheche za grenda huchoma kitambaa na kuacha vidoa vya kudumu kwenye kioo. Usukani wa mtumba hupatikana kwa wauza spea. Shafti iliyokatwa meno ni gharama nyingine kabisa.

Usukani ukishatoka, klokspringi isizungushwe hata kidogo. Hufungwa kwa utepe wa gundi ilivyo. Ikizungushwa kwa bahati mbaya, hurudishwa katikati kwa kuizungusha taratibu kushoto mpaka ikatae, kisha kulia mizunguko miwili na nusu au mitatu, kulingana na modeli, mpaka alama zake zielekeane. Ikikosewa, utepe hukatika dereva anapokata kona ya kwanza kali, na honi na eabegi huenda nao.

Kurudisha ni kwepesi. Meno husuguliwa kwa brashi ya waya mpaka yaonekane meupe, hupakwa grisi kiasi cha kung'aa tu, na alama hulinganishwa. Nati iwe mpya ikiwa ile ya zamani ni ya kujifunga au imelika pembe. Hukazwa kwa kipimo cha kitabu cha gari; Toyota nyingi za kisasa hutaka newtoni mita 50, ambayo ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Kukaza kupita hapo ndiko kunakomtengenezea fundi wa kesho kazi hii yote upya.

Baada ya eabegi kurudi na betri kufungwa, usukani huzungushwa mpaka mwisho kushoto na kulia, honi hupigwa, indiketa hujaribiwa kama inajizima yenyewe. Ufunguo ukiwashwa, taa ya eabegi huwaka sekunde chache kisha huzimika. Ikibaki inawaka, kuna plagi isiyoingia vizuri au klokspringi iliyokatika, na lori halitoki kwanza. Isipowaka kabisa ni dalili mbaya vilevile: balbu imeungua, au iliwahi kutolewa na mtu aliyetaka kuliuza gari.